Tende za Akika ya Khaled

Nyakabiga, Jumatano, 8 Oktoba 2025

Wifi yangu Alya,

Assalaam alaykum. U hali gani, wewe na huyo mgeni wetu mpya? Ananyonya vizuri? Mgongo umepoa? Sisi tunashukuru, ingawa hata shukrani yenyewe imechoka. Naandika karatasini kwa sababu Talal aliitapikia simu yangu, ikafa papo hapo. Suud atampa Massoudi barua hii wakikutana kazini kwao, depo, kule Zone Industrielle. Waume zetu wamekuwa posta.

Tangu Jumapili mtoto anatapika na kuhara. Nimefua shuka mpaka kamba ya uani imelegea. Jana jioni aliacha. Leo amekunywa uji, akacheka, akaniuliza, "Mama, tunaenda kwa mutoto wa shangazi?" Ana miaka minne tu na tayari amejichagulia kanzu ya sherehe ya akika.

Sijui nimjibu nini. Ijumaa watoto wote watakula sinia moja, halafu kila mmoja atambusu Khaled, naye bado hajamaliza wiki duniani. Nikimleta Talal naogopa, nikimwacha naogopa vilevile, maana najua utaumia. Niambie wewe.

Wifi yako,
Ghanima


Kibenga, Alhamisi, 9 Oktoba, asubuhi

Wifi Ghanima,

Waalaykum salaam. Pole na kufua, pole na kukesha. Sisi wazima, ila usingizi tumeusahau unafananaje.

Umeniuliza, basi nakujibu: mlete. Mara mbili ulikuja kwangu kwa msiba. Watoto wangu wawili niliwazika, na mara zote mbili ulikaa nami mkekani mpaka watu wote wakaondoka. Sijasahau. Sasa Mungu amenipa huyu anayelia mpaka majirani wanagonga ukuta, na siku ya kumfurahia ndiyo unataka kukaa kwako? Talal ndiye mkubwa wa watoto wa ukoo. Yeye ndiye wa kuanza tonge la kwanza. Mama, mkwe wako, anasema, "Mutoto akisha pona, amepona. Ghanima anajua kuogopa tu."

Kama moyo umekataa kabisa, sitakuburuta. Lakini usikose kuleta kitu ulichokitengeneza kwa mkono wako mwenyewe. Mkono mtupu haulambwi.

Wifi yako,
Alya


Nyakabiga, Alhamisi, 9 Oktoba, jioni

Wifi yangu mpenzi,

Natumaini barua hii inakukuta umelala kidogo. Yako nimeisoma nimesimama, kisha nikakaa chini nikalia.

Asubuhi nilimvisha Talal kanzu, kumjaribu tu. Hakufika hata mlangoni, akaichafua. Nilimpeleka kwa muganga wa dispensari. Akaniambia, "Mama, ungoje siku mbili nzima tangu kuhara kuishe. Usimupeleke penye mutoto mudogo, apana." Basi hatuji. Wa kumwachia sina, kwa hiyo nami sitakuja, na Talal amenifungia mlango wa chumba kwa hasira. Nisamehe, Alya. Sikuogopa bure.

Ila mkono wangu utakuwepo. Mchana kutwa, kati ya ndoo na ndoo, nimekuwa nikitoa kokwa za tende moja moja na kutia lozi ndani. Suud ataleta bakuli zima. Ile tende kubwa, laini, niliyoifunga peke yake ni ya Khaled. Mama aitafune, amtilie kidogo kinywani kama desturi yetu, ili utamu wake wa kwanza utoke kwa mjomba wake na kwangu.

Wifi yako mwenye macho mekundu,
Ghanima


Nyakabiga, Jumatatu, 13 Oktoba

Wifi Alya,

Assalaam alaykum. Hamjambo? Mbona kimya?

Suud alirudi Ijumaa amejaa pilau na vicheko, akasema Khaled aliilamba ile tende mdomoni na kila mtu akashangilia. Nilifurahi sana. Jumamosi usiku akaanza kutapika. Talal mzima, anaruka kitandani, na baba yake ndiye amekumbatia ndoo.

Barua hii anakuletea Régis, mwenzao wa depo. Ndiye aliyeniambia kwamba Massoudi haonekani kazini na kwamba mtoto anaumwa. Mtoto gani, Alya? Khaled? Nimekuwa nikiitazama mikono yangu. Ninachowaza naogopa kukiandika. Nijibu hata neno moja.

Wifi yako,
Ghanima


Kibenga, Ijumaa, 17 Oktoba

Ghanima,

Waalaykum salaam. Suud amepata nafuu? Sisi tupo, tumebaki macho na mifupa.

Tuliumwa sote: Mama, Massoudi, watoto wote wa sinia. Jumapili Khaled alikataa ziwa na utosi ukabonyea. Tukamkimbiza hospitali, wakamtia maji ya serumu kwa sindano kichwani, na mimi nilikuwa nimeshaanza kumwaga machozi yale ya zamani. Alhamdulillahi, jana tumerudi. Ananyonya kama mtu anayedai haki yake.

Mama alisema, "Tushukuru Talal hakukuja, tungemusingizia mutoto wa watu." Wote wakakusifu kwa busara yako. Mimi nikalitazama bakuli lako la tende. Nilikumbuka ulivyoniambia, kati ya ndoo na ndoo.

Nilikukasirikia, sikufichi. Barua yako ya Jumatatu niliipata nikaiacha bila jibu makusudi, uteseke nawe. Kisha leo namwogesha Khaled, nikajiuliza ni nani aliyekuandikia kwamba mkono mtupu haulambwi. Ni mimi. Wewe ulimfungia mtoto ndani ili kumlinda wangu, na mimi nikauita mkono wako. Tulikosea wawili, wifi. Mama sijamwambia, wala sitamwambia.

Nimechoka, Ghanima. Nguo zimejaa uani na sina nguvu ya kukamua hata kitambaa kimoja. Jumapili njoo na Talal. Yeye sasa ndiye mzima kuliko sisi sote. Avae kanzu yake, nami nitampikia tonge lake la kwanza.

Safari hii njoo mikono mitupu. Utainawa kwa sabuni pale bombani, kisha uingie bila hodi, nikupe Khaled umpakate.

Wifi yako,
Alya