Diwani Asiyepingwa

Askerby, 28 Machi

Mwanangu Hester,

Hujambo? Mimi mzima, ila goti linanisumbua kila mvua inyeshapo, na hapa Yorkshire mvua haina likizo. Fomu yangu ya udiwani umeipokea mwenyewe hapo ofisini, basi nidokezee: kuna mwingine aliyejitosa? Miaka ishirini napita bila kupingwa. Juzi kwenye baa nimewauliza watu, "Nani ashindane nami, kondoo?" Wakacheka wote. Wananipenda, mwanangu.

Baba yako

Halmashauri, 30 Machi

Baba mpendwa,

Pole na goti. Mimi sijambo, nakula vizuri. Ulichouliza siwezi kukijibu. Majina hayasemwi hadi yabandikwe, na nimeapa. Tafadhali usiniulize tena.

Mwanao

Askerby, 6 Aprili

Hester,

Nimeliona tangazo. Dilys Garside, muoka mikate, jirani yangu ukuta kwa ukuta! Ungeninong'oneza, ningejitoa mapema nikasingizia goti. Sasa muda umepita, nitapigiwa kura kama fahali wa mnadani. Anatangaza dukani ati paa la ukumbi wa kijiji linavuja tangu niingie udiwani. Jumapili usije kula kama kawaida. Nitaoka nyama ya kumtosha mtu mmoja.

Baba yako

Halmashauri, 20 Aprili

Baba mpendwa,

Goti linaendeleaje? Jumapili mbili nimekula peke yangu, na kila simu ikilia nashtuka. Ningekunong'oneza, Bi Dilys angenyimwa haki yake ya siri, nami nisingeweza kukutazama usoni. Nakuomba usikasirike kwa hili pia: kupita bila kupingwa si kupendwa, Baba. Ni kwamba hakuna aliyeulizwa.

Mwanao akupendaye

Askerby, 8 Mei

Mwanangu Hester,

U hali gani? Goti halijambo. Najua ulikuwepo kura zikihesabiwa, na nilikuona umejificha nyuma ya masanduku. Dilys kanishinda, wala hakunionea. Nimemkabidhi funguo za ukumbi, nikamwonyesha na ndoo zinapokaa. Kanicheka, "Kumbe ulijua linavuja, mzee!"

Lakini, mwanangu, watu tisini na mmoja wameweka alama kwenye jina langu. Tisini na mmoja! Miaka ishirini nimekuwa diwani, na sikuwahi kupata kura hata moja. Sasa nikipita barabarani natazama nyuso, najiuliza ni nani na nani.

Jumapili njoo. Nyama ni ya kuwatosha watu watatu. Mkate analeta Dilys.

Baba yako