Viatu Mlangoni

Travnik, Jumanne

Mama mdogo Mevlida,

Hapa nyumbani tu wazima. Mama amepika jamu ya plamu, na chupa zako mbili zinakungoja.

Bado nafanya kazi ya kuwasikiliza wafanyakazi wa kiwandani wenye mazito moyoni. Nilitandika zulia chumbani kwangu pale kiwandani ili wajisikie nyumbani. Kumbe nimewaponza. Kila anayeingia huvua viatu vyake vya kazi mlangoni, navyo vina namba ya mwenyewe ya kazi.

Jana mkurugenzi aliniuliza huku akicheka, “Bibie, huyo arobaini na moja wako ana wazimu gani? Kila siku yuko kwako! Ijumaa napunguza watu.”

Arobaini na moja ni Senada. Anatetemeka kila akiwasha mashine, tangu ilipomkata mwenzake vidole, na nyumba nzima inamtegemea yeye.

Leo alipokuja nilimwambia, “Ingia na viatu, dada.”

“Na zulia je? Mama yako angenifukuza kwa ufagio!”

“Ingia tu.”

Akanyata kama mwizi. Hatujakaa vizuri, tukasikia hatua za mkurugenzi. Zikasimama mlangoni, pasipo na viatu leo. Senada akanishika mkono.

Hatua zikaenda zake. Lakini namba anayo tayari, na Ijumaa ni mtondo. Nyayo za Senada bado ziko kwenye zulia. Nimeshindwa kuzifuta.

Usimwambie Mama.

Mwanao,
Ajla