Jiko la Bluu

Dar es Salaam, Machi 1976

Shikamoo baba,

Sijambo. Shangazi hapa Kariakoo anawasalimu.

Ofisini tumepata kompyuta mpya. Chumba chenye ubaridi ni kimoja, kwa hiyo ya zamani ilitolewa kwanza, ikauzwa kama chuma chakavu tangu Januari. Jana ndipo tulipojaribu tepu zetu zenye kumbukumbu za wafanyakazi. Bosi wangu, Ndugu Nassibu, akasema taratibu, "Severa, hii haizisomi. Zilisomwa na ile tu."

Miaka yako yote ya kazi imo humo, na kiinua mgongo hujalipwa. Makaratasi tulishayachoma.

Nilikimbilia mtaa wa Gerezani, kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Fundi bati aliyeinunua ile kompyuta akanionyesha kipande chake kilichobaki, cha bluu.

Baba, lile jiko la bluu nililomtumia mama nililinunua kwake.

Mwanao,
Severa