Sasisho Nililosema Limepita

Jumatatu, 4 Machi

Mimi nina nyota. Wengine hata wakichimba dhahabu hutoka na udongo kwenye kucha. Mimi hata nikijikwaa naokota kitu.

Leo mteja aliyeleta pasi yake niitengeneze kaona sticker ya Mkongwe ukutani mwa duka langu, kauliza ni dawa ya nguvu za kiume? Nimecheka mpaka bisibisi ikaanguka. Nikamweleza: Mkongwe ni Linux, mfumo wa kompyuta, umetengenezwa na watu wa kujitolea kwa ajili ya mashine kuukuu ambazo kampuni zimeshazitupa. Na mimi hapa, niliyekaa kwenye stuli ya mguu mmoja mbovu, ni mpimaji wao. Kila aina ya mashine ina mpimaji wake. Sasisho jipya likitoka, haliendi kwa watu mpaka mpimaji alipime kwenye mashine yake, aandike “limepita”. Mashine isiyo na mpimaji haiguswi, inabaki na mfumo wake wa zamani. Basi watu wote wenye laptopu nyeusi kama yangu, ile nene kama tofali, wanasubiri neno langu. Nikamwonyesha ukurasa kwenye simu: Profesa, mpimaji. Akauliza kama nalipwa. Nikamwambia heshima hailipwi, inasalimiwa.

Alikuwa bado anasoma ukurasa, ujumbe ukaingia kutoka kwa Mama Toleo. (Ndiye anayesimamia matoleo yote. Sijawahi kumwona, lakini ana sauti ya mtu anayeamka kabla ya jogoo.) Sasisho jipya: kiini cha mfumo kimebadilishwa, draiva za sauti pia, yaani programu zinazoifanya mashine itoe sauti. Wapimaji tupime kwa makini.

Nimejibu limepita kabla chai haijapoa. Mteja kabaki mdomo wazi.

Yote yanapita kwangu. Halijawahi kukwama hata moja! Bahati hiyo, si elimu. Shule niliiacha kidato cha pili, au yenyewe iliniacha, tunasingiziana mpaka leo.

Jumatano, 6 Machi

Shemeji kapata kazi!

Kaja nyumbani kutuambia mwenyewe, fimbo mkononi, viatu vimepakwa rangi. Kaka yake mke wangu, haoni tangu utotoni, na ndiye mtu pekee ambaye utani wake unanishinda. Ofisi ya usuluhishi inamtaka awe anasikiliza rekodi za vikao na kuzichapa. Anaanza Jumatatu, siku za majaribio kwanza. Awe na kompyuta yake.

— Niliwaambia sina shida na kazi za macho kwa macho, kasema. Wao wakacheka, mimi nikajua nimeajiriwa.

Mke wangu kalia. Kisha kamwuliza kama alivaa hilo shati kwenye usaili. Kasema ndiyo. Kalia tena.

Kompyuta yake inamsomea kila kitu kwa sauti, ya kike, kavu, yenye Kiswahili cha kukokotwa. Yeye anaiita Bibi, kwa sababu inamrudia neno mpaka atii. “Bibi leo kanigombeza barua tatu.” Anaandika haraka kuliko mimi ninavyosema, na mimi nasema.

Kompyuta yenyewe ndiyo ile laptopu yangu nyeusi, nilimpa mimi. Mwaka jana, alipoibiwa ya kwake. Sikuombwa. Nilikwenda nayo kwapani, nikaiweka mapajani mwake, nikamwambia shika tofali, ujenge. Nikimkumbuka alivyoipapasa kingo zote kabla ya kusema asante, najisikia mtu.

Kweli nilipaswa kuwaandikia Mkongwe kwamba mashine sinayo tena, wanitoe kwenye ukurasa. Nitaandika. Haraka ya nini, mambo yenyewe yanapita.

Ijumaa, 8 Machi

Sasisho limetoka leo. Jina langu chini, kama kawaida. Nimemwonyesha muuza viatu wa jirani. Kasema hongera, kaendelea kugonga soli.

Mchana shemeji kanipigia. Bibi anamwambia kuna sasisho jipya, akubali? Jumatatu anaanza kazi, hataki kuchezea bahati.

Nikamwambia, shemeji, hilo limepita mikononi mwangu, nimelipima mwenyewe. Bonyeza ndiyo.

Kasema basi kama ni wewe, nabonyeza nimefumba macho.

Nilicheka.

Jumamosi, 9 Machi

Bibi amenyamaza.

Mke wangu ndiye aliyepokea simu. Nilijua kwa namna alivyonitazama huku anasikiliza.

Nimekwenda. Chumba cha shemeji ni kidogo, kitanda, meza, redio, kila kitu kimewekwa pale mkono utakapokikuta. Alikuwa amekaa mbele ya mashine, imewaka, skrini inang'aa vizuri kabisa. Mtu mwenye macho angesema haina tatizo. Yeye anabonyeza kitufe, anainamisha sikio, anasubiri. Anabonyeza tena.

— Shemeji, hebu nitazamie, kasema. Iko hai?

Iko hai. Kila kitu kipo, sauti tu ndiyo haipo. Mfumo wenyewe unasema hauioni kadi ya sauti, kama haijawahi kuzaliwa. Nikaenda hadi kwenye maelezo ya sasisho. Kiini kipya. Draiva mpya. Na chini yake neno langu.

Kauliza ni nini.

Nikasema spika. Nimesema spika! Mdomo ulitangulia, mimi nikafuata. Nikasema spika za mashine hizi zina tabia ya kufa, naichukua dukani.

Kasema sawa. Kaifunga mwenyewe, kaifuta mfuniko kwa kiganja, kanikabidhi kwa mikono miwili. Nikatoka nayo kwapani kama siku ile nilipoileta. Sikuweza kupita mbele ya muuza viatu, nilizunguka nyuma ya choo cha soko.

Jumapili, 10 Machi

Duka limefungwa, niko ndani. Nimeifungua mashine. Spika nzima. Nilijua ni nzima, lakini nilizifungua hivyo hivyo, labda nilitaka zinisaidie.

Kurudisha mfumo wa zamani siwezi. Diski za mashine zetu ni ndogo, kwa hiyo toleo jipya la Mkongwe likiingia hulifuta la zamani. Kule kwenye hazina yao ya mtandaoni nako limeshaondolewa, kwa sababu mpimaji alisema jipya limepita. CD niliyo nayo ni ya toleo la kale, Bibi hayumo kabisa.

Nikaingia kwenye ukumbi wa mtandaoni wa Mkongwe. Heri nisingeingia.

Kuna malalamiko. Mwalimu mmoja anasema mashine nne za wanafunzi wake wasioona zimenyamaza zote. Mtu mwingine anauliza kama sisi tunapima kweli au tunapiga ramli. Na Mama Toleo kajibu, kwa adabu yake yote. Kasema aina hiyo ya laptopu ilipimwa. Kasema mpimaji wake ni Profesa, mtu wa siku nyingi, hajawahi kutuangusha, basi wenye tatizo waangalie kwanza kama hawakubonyeza vibaya.

Ananitetea. Mtu ambaye hanijui sura, ananitetea kwa watu ambao nimewaziba masikio.

Kisha kaniandikia pembeni. Profesa, watu wanapiga kelele, naamini neno lako. Lakini kama unalibadilisha, niambie, nalirudisha toleo la zamani kabla saa haijaisha. Kanuni ni ile ile: anayebadilisha neno aeleze hadharani alipima nini mara ya kwanza. Usipolibadilisha, suala litasubiri kikao cha Alhamisi.

Alhamisi. Shemeji anaanza kesho.

Nikaandika: “Sauti ilikuwepo nilipopima, ikapotea baadaye.” Nikafuta. Nikaandika: “Nilipima kila kitu isipokuwa sauti.” Hiyo nayo nikafuta. Nilipima nini? Nilipima chai.

Kama ningewaandikia mwaka jana kwamba mashine sinayo, isingekuwa na mpimaji. Isingeguswa. Bibi angekuwa anasema mpaka leo. Wema wangu wa kumpa na uongo wangu wa kubaki na cheo vimekutana kwenye mashine moja, na aliyekaa katikati ni yeye.

Mke wangu kaja na chakula dukani. Kakiweka juu ya redio mbovu, kasimama.

— Mbona kimya?

— Nafikiri.

— Wewe debe tupu ukikaa kimya najua kuna mtu ameumia. Nani?

Nikasema spika zimekufa. Kaitazama meza. Spika zilikuwa pale, zimelala pembeni, na betri ndogo niliyotumia kuzijaribu, na nyaya bado zimeunganishwa. Kachukua moja, kagusisha waya kwenye betri. Ikatoa mlio. Kairudisha taratibu, kama mtu anayerudisha mtoto kitandani.

Kasema kaka yake alimpigia jana jioni. Anasema ni kosa lake. Anasema labda alibonyeza kitu kingine, kwa sababu mimi shemeji yake nilishalipima.

Kisha kaondoka. Sikula.

Jumatatu, 11 Machi

Sikumjibu Mama Toleo. Nililala nikisema asubuhi. Sasa ni asubuhi.

Shemeji kaja dukani mwenyewe. Nilisikia fimbo ikigonga ngazi kabla sijapanga uso. Uso wenyewe naupanga wa nini, lakini niliupanga. Shati lile lile la usaili. Kakaa kwenye benchi la wateja, magoti pamoja, kama mtu aliyeko zahanati.

Alishapita ofisini. Kawaambia mashine iko kwa fundi. Wamempa mpaka mchana. Kuna mwingine anayeitaka nafasi hiyo, mwenye kompyuta yake. Mkuu wa ofisi kamwambia si kwa ubaya.

— Nimewaambia fundi wangu si wa mtaani, kasema. Nimewaambia ni Profesa wa Mkongwe, jina lake liko mtandaoni, wakalitazame. Wakalitazama. Yule dada wa mapokezi kanisomea kwa sauti.

Nikasema mm.

— Shemeji, niambie ukweli.

Nikashika meza.

— Ni mimi, sivyo? Nilibonyeza vibaya. Ile Ijumaa iliuliza maswali mawili, la pili sikulisikia vizuri, nikakubali tu. Wewe ulisema spika ili usinivunje moyo. Nakujua. Wewe ukimficha mtu unamficha kwa upole.

Kacheka kidogo. Si kicheko chake.

Kasema kama ni hivyo nisimwonee haya. Ataenda kuwaambia kwamba kompyuta hajaimudu, wampe yule mwingine, na yeye atajipanga upya. Bora wajue sasa kuliko aharibu rekodi za watu.

Nikasema ngoja. Neno hilo moja tu ndilo lililotoka. Mimi, ambaye hata msibani huombwa nipunguze maneno.

Kasema anangoja. Kakunja fimbo, kaiweka mapajani, pale pale nilipomwekea tofali mwaka jana.

Simu iko mezani. Ujumbe wa Mama Toleo juu: Profesa, bado nakusubiri, yule mwalimu kaandika tena. Nikiandika sentensi moja sasa hivi, toleo la zamani linarudi, nalishusha, na kabla ya mchana Bibi anamgombeza shemeji ofisini kwake. Saa moja, labda pungufu. Sentensi yenyewe itakaa hadharani, chini ya jina langu. Na siku moja Bibi atamsomea shemeji, kwa Kiswahili kile cha kukokotwa, neno kwa neno. Bora aisikie kwangu kwanza.

Badala ya kuandika huko naandika hapa daftarini. Mwoga hata kalamu yake hujificha.

— Naisikia kalamu, shemeji kasema. Unaandika nini?

Nikasema nafanya hesabu kidogo.

— Hesabu gani hiyo haina kituo?

Anasubiri kama alivyokuwa anaisubiri mashine, sikio limeinama upande wangu.

Nitaanza na yeye au na simu? Nikianza na simu nitajificha ndani yake. Nikianza na yeye—

Basi namwambia yeye kwanza, kisha naandika kwenye simu, hivi ilivyo. Sina nyota. Yaliyopita yalipita yenyewe. Tangu nilipompa mashine sijapima sasisho hata moja, na la Jumatatu iliyopita sikuligusa.