Juisi ya Zabibu Imechacha Kabatini kwa Hajat

Kwako mshauri,

Nakusihi unijibu kabla ya Jumapili, kwa maana nimefanya jambo ambalo sikulikusudia na sasa sijui kama niseme au ninyamaze. Mimi ni karani katika ofisi moja mjini, nimepanga chumba hapa Sarang'ombe, Kibera, katika nyumba ya mama mmoja Mnubi ambaye nitamwita Hajat Fatna, ingawa si jina lake. Tangu nihamie kwake amenichukua kama mtoto wake japo mimi ni Mkristo, nikiugua ananiletea uji, nikichelewa kazini ananiachia taa ya uani ikiwaka, na nilipomwomba ile kona iliyo karibu na bafu nipande mzabibu, alicheka akasema, "Panda, binti yangu, bora tu zabibu zisiishie kwa chupa ya waini hapa kwangu."

Nilipanda kijiti nilichopewa na rafiki wa Kawangware, nikakifungia kamba hadi kwenye mabati, nikawa nakimwagilia maji niliyooshea mboga, na majirani wakipita wananitania, "Karani, unataka kutuletea mashamba ya zabibu ya Dodoma huku?" lakini nilivumilia, nikapogoa, nikangoja, na mwaka huu, mshauri, mzabibu umezaa, vichala vyeusi vimening'inia juu ya kamba ya nguo mpaka watu wanakuja kuvipiga picha. Kwa furaha nikakamua vilivyotangulia kuiva, nikachuja kwa kitambaa safi, nikajaza chupa mbili, kubwa nikampelekea Hajat na ndogo nikaiweka chumbani kwangu, zote nikazikaza vifuniko kwa nguvu kwa sababu niliona huo ndio usafi. Hajat akaipokea kwa mikono miwili, akaniambia, "Mimi sukari imenikataza, lakini hii tutawawekea wageni wa Sabah." Sabah ni binti yake, na Jumapili wazee wa upande wa mwanamume wanakuja kuleta posa, pamoja na ustadh wao.

Jana asubuhi nikafungua ile chupa yangu ndogo, ikalia puu, povu likarukia shati langu la kazini, na harufu iliyotoka, mshauri, ilikuwa ya pombe ya muratina kabisa, nikaonja kwa ncha ya ulimi, ikanichoma. Niliganda pale pale, kwa maana juisi ya ile kubwa niliikamua siku moja na hii, nayo iko kabatini kwa Hajat ikingoja kumiminiwa wazee ambao hawajagusa pombe maisha yao yote, na posa ya Sabah ikivunjika, itakuwa nimeivunja mimi. Mwenzangu ofisini, Marvin, nilipomweleza alicheka mpaka akashika meza. "Wewe nawe! Juice ni juice. Nyamaza tu, wakichangamka si wataongeza mahari?" Mimi sikuona kichekesho. Nimewaza kuinyakua ile chupa Hajat akiwa anaswali, lakini huo si wizi? Nikimwambia, ataona niliidhihaki dini yake makusudi, ataung'oa mzabibu na mimi pamoja nao, na chumba naweza kupata kingine, mshauri, ila mtu kama yeye sitampata tena. Nifanyeje?

Karani Mwoga, Kibera

JIBU

Karani, pumua kwanza. Hujapika pombe. Ganda la zabibu lina chachu yake lenyewe, na ukikamua ukaiacha juisi kwenye joto, chachu hiyo inafanya kazi bila kukuuliza wewe ni wa dini gani. Hajat hajaonja, wageni hawajafika, basi mpaka hapo hujamkosea mtu. Kosa lingeanza pale ambapo unajua na unanyamaza.

Lakini nitakugombeza kidogo. Umesoma, umelea mzabibu juu ya mabati ya Kibera mpaka ukazaa, halafu unaziba juisi mbichi hivyo? Ikichacha hutoa gesi, na chupa ingeweza kumpasukia yule mama usoni! Na hilo wazo la kuiiba, hebu jione umeshikwa mlangoni na chupa inayonuka muratina chini ya sweta. Hapo ungemweleza nini? Huyo Marvin naye mwachie mafaili, usimwachie maisha yako.

Gazeti hili hutoka Jumamosi, siku moja tu kabla ya posa, nikaona tutachelewa, ndiyo maana nilikupigia kwa nambari uliyoacha nikakwambia nenda sasa hivi, sema, "Hajat, ile juisi imechacha, tafadhali usiwape wageni," omba msamaha, kisha funga mdomo umsikilize. Ulilia kwenye simu, lakini ulienda. Kwa ruhusa yako, wasomaji waone ujumbe ulionitumia baadaye:

"Mshauri, nimemwambia. Aligeuka akalitazama kabati. Kisha akasema, 'Kumbe ndiyo hiyo inapiga kelele kabatini! Mimi namtafuta panya tangu juzi, hata nimeazima paka wa jirani!' Tumeitoa uani, ameishika kwa leso kama bomu, tukaimwaga mtaroni. Nilipoomba msamaha alinipiga kibao cha begani. 'Ungeninyamazia, hapo ndipo ningekufukuza.' Sabah amecheka hadi machozi."

Basi, binti, nimefurahi pamoja nawe. Sasa shika haya. Jumapili asubuhi kata vichala vilivyobaki, vioshe, vipange kwenye sinia, uvipeleke mwenyewe mbele ya wageni. Zabibu nzima haimtii mtu wasiwasi. Juisi kamua ya kunywa siku hiyo hiyo, na ya kuweka ichemshe kwanza, kisha iingie kwenye friji. Usimbembeleze Hajat aonje. Sukari yake si mzaha. Ukimaliza kuvuna, pogoa bila huruma, mzabibu haupendi kuonewa huruma.

Na siku nyingine ukishikwa na hofu, usiniandikie mimi kwanza. Piga hodi kwa Hajat. Mimi niko mbali huku Industrial Area. Wewe na yeye mnatenganishwa na kamba ya nguo.