Mafundo Uliyoyafunga Kwenye Kadi za Stoo

Mzee Mutua,

Ni mimi Wambui wa oda, yule uliyekuwa ukimwita "mwanangu wa taipu" kwa sababu hata saa ya chai ulinikuta nikigonga mashine. Miezi mitatu imepita tangu tukusindikize kwenu Machakos. Hadi leo, nikifika kiwandani hapa Baba Dogo, natazama kwanza dirisha la stoo kama nitaliona lile koti lako la kaki. Kuna neno limenikaa kooni, mzee. Nilikukosea, na nilikukosea ukiwa umeshazikwa.

Ngoja nianze na jema. Kompyuta ilikuja! Wengi walidhani wewe, mzee wa kadi na penseli nyuma ya sikio, ndiwe ungekuwa wa kwanza kuikataa. Lakini mimi nilikuwepo siku ulipomwambia bosi, "Bwana, tulipokuwa na mashine sita za kufuma, kiwanda chote kilikaa kichwani mwangu. Sasa ziko thelathini. Tumekuwa wakubwa kuliko kumbukumbu yangu." Nilipokusifu kwa ujasiri huo ukanikatiza: "Wacha, mgema akisifiwa..." ukaenda zako ukicheka.

Unakumbuka tulivyokuwa? Mwalimu mkuu anapiga simu kuulizia sweta za shule yake. Naiacha simu mezani, mbio hadi kwako. Unaniambia uzi ulishatoka. Mbio kwa Achieng', msimamizi wa kufuma, naye anaapa hajauona. Nikirudi, simu imekatika. Oda zilikuwa na kitabu chao, stoo kadi zake, kufuma karatasi zao, dereva daftari lake, na kila kimoja kilisema lake. Sasa naandika oda mara moja tu. Mara moja, mzee! Achieng' anaiona kwake papo hapo, uzi unatengwa stoo, dereva anajua siku ya kupakia. Mwalimu mkuu akipiga namjibu nikiwa nimeketi. Ungeona ungepiga makofi.

Sasa ubaya wangu.

Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuziingiza kadi zako. Kila kadi ilikuwa na kipande cha uzi kwenye pembe, kimefungwa mafundo. Nilidhani ni madoido yako tu. Kadi hazikulala vizuri mezani, basi nikachukua mkasi nikakata vipande vyote, nikavitupia kwenye kopo tupu la kakao. Halafu nikakuta kadi tatu za uzi wa damu ya mzee, ule wekundu mzito wa sweta nyingi za shule. Nikajiambia, rangi moja, kadi tatu za nini? Nikazijumlisha kuwa mstari mmoja. Nilijiona hodari kweli.

Ikaja oda kubwa ya shule moja, sweta za damu ya mzee, zilizotakiwa Jumatatu shule ikifunguliwa. Kompyuta ikasema uzi unatosha na kubaki. Mashine zikaanza saa hiyo hiyo, nami nikatembea kifua mbele. Ijumaa asubuhi Achieng' akaleta sweta ya kwanza iliyoshonwa. Kiwiliwili kimekolea, mikono imepauka. Ukiitazama ungedhani mtoto ameazima mikono ya mwenzake.

Bosi alitukusanya sote. Akasema chombo hiki kama ndicho cha kutuharibia jina, kirudi kilikotoka, na akauliza kosa ni la nani. Nami, mzee, mbele ya watu wote, nikasema, "Kadi za Mzee Mutua hazikuwa sawa."

Hakuna aliyebisha. Ungebisha wewe, nawe hupo. Bosi akatikisa kichwa, akasema, "Kumbe mzee naye alikuwa amechoka." Niliyasikia maneno hayo na sikuyarudisha. Nakuambia kweli, aibu ile bado naionja mdomoni.

Mchana Achieng' akaja kunitafutia chai, akalishika lile kopo akidhani lina kakao. Akatoa uzi mmoja, akausogeza dirishani kwenye mwanga. Fundo moja. Akatoa mwingine, mafundo mawili. Mwingine, matatu. Akaziweka pamoja, rangi zikatengana mbele ya macho yetu. Akaguna, "Ebu ona! Ndiyo sababu mzee hakumruhusu mtu atoe koni za uzi rafuni. Alikuwa akizipeleka dirishani mwenyewe." Ndipo nikaelewa: kila uzi ulipoletwa kutoka kwa watia rangi, uliupa idadi yake ya mafundo, ili uliotiwa rangi siku moja usichanganywe na wa siku nyingine. Miaka yote ile hakuna sweta iliyoazima mikono, nasi tukadhani ni bahati.

Sikumaliza chai. Nilimwendea bosi, nikamwomba awakusanye watu tena, palepale. Nikasema, "Kadi za mzee zilikuwa sawa. Mimi ndiye niliyekata mafundo yake, halafu nikamsingizia." Nililia, sikuficha. Bosi hakunifukuza. Alisema, "Basi mfundishe kompyuta alichojua mzee."

Fundi wa programu akaongeza safu moja, akauliza tuipe jina gani. Tukasema kwa pamoja: Fundo. Tukabeba koni zote dirishani, tukazilinganisha na nyuzi zako, tukazihesabu upya. Viwiliwili vilikuwa vya mafundo matatu, na koni za aina hiyo zilizobaki hazikutosha mikono. Lakini kompyuta ikatuonyesha nyingine za mafundo hayo hayo zilizotengewa skafu za shule ya pili, ambazo hazikutakiwa hadi mwezi ujao. Zamani tungejuaje? Tukazibadilisha na za fundo jingine, tukafumua mikono, tukafuma upya. Jumatatu watoto walivaa sweta za rangi moja, na bosi hakusema tena habari ya kurudisha chombo.

Wiki iliyopita mkeo alikuja kuchukua koti lako. Nikamwonyesha skrini, nikamweleza yote, hata uongo wangu. Akacheka huku akifuta machozi. Kumbe hata magunia yako ya maharagwe nyumbani uliyafunga mafundo kulingana na mavuno. Akaniambia, "Alisema wewe ungeelewa, ila una haraka."

Pumzika, mzee wangu. Nakuahidi jina lako halitasemwa vibaya hapa nikiwepo, na kinywa changu ndicho nitakachokichunga kwanza. Leo asubuhi uzi mpya wa damu ya mzee umeletwa. Kompyuta ilikuwa imeshawashwa, watu wakinisubiri. Niliwaacha wasubiri. Nikaupeleka dirishani kwako, nikautazama vizuri, nikafunga mafundo manne. Ndipo nikaketi kuandika.

Mwanao wa taipu,
Wambui