Milioni Moja na Tatu

Solai, Nakuru
14 Julai 1969

Mpendwa ndugu yangu Kiplangat,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. U hali gani, na joto la Delhi limekufanyaje? Natumaini unakula, maana kwenye ile picha umekonda kama ufito. Sisi ni wazima. Mvua imekuja vizuri na mahindi yamefika kifuani.

Najua unangoja jambo moja tu: kama Baba amekubali ubaki huko miaka miwili zaidi. Ngoja kwanza nikueleze kwa nini alinyamaza tangu Aprili, mpaka ukafikiri amekutupa.

Ni ile nambari yako! Ulipoandika kwamba wewe na wenzako mnaichunguza milioni moja na tatu, nilimsomea Baba bila kufikiri. Akainuka, akatoka nje. Wiki hiyo hiyo ndama wa yule ng'ombe mwekundu akafa. Kumbe mzee ameamini umeenda ng'ambo kuhesabu watu. Nawe unamjua: hata ng'ombe wake hawahesabu, huwatazama rangi tu jioni akajua nani hajarudi. Aliogopa unatuletea msiba, maana kwake chenye roho kikihesabiwa hufa.

Juzi ndipo akaniuliza, "Hiyo milioni ni ya nini?" Nikamwambia si ya kitu, Baba, ni nambari tupu. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema hajaona shule ya kumlisha mtu kwa nambari tupu.

Basi nikamwaga maharagwe kumi na matatu mezani. Maharagwe hayana roho, hayo alikubali kuyahesabu. Akayapanga mawili mawili, likabaki moja. Matatu matatu, likabaki moja. Manne manne, tena moja! Alikasirika kweli. Nikamweleza kwamba nambari yako ni kaidi vivyo hivyo, uipange kwa safu zozote sawa, lazima kuwe na mabaki. Lakini jirani yake, milioni moja na moja, ambayo kwa macho ni kaidi vilevile, inakubali safu mia moja na moja, kila safu elfu tisa mia tisa na moja, na haibaki hata punje. Huwezi kujua kwa kutazama, mpaka ujaribu.

"Atajaribu mpaka azeeke?" akauliza. Nikamwambia hapana, akifika elfu moja anaacha. Safu zikizidi elfu, kila safu itakuwa na chini ya elfu, na nambari hizo ndogo ameshazijaribu. Wakati wa chai nilimsikia akimweleza Mama jambo hilo, eti kana kwamba yeye ndiye aliyeligundua! Nilifurahi karibu nilie.

Jana asubuhi alichukua kibuyu cha maziwa, akanyunyiza mlangoni kukubariki, akiita jina lako. Kwa hiyo baki huko, ndugu yangu, umalize masomo.

Mama anakusalimu, na dada yetu Chelangat, na jirani yetu Masinde, ambaye bado anadai ulimwahidi kofia. Mungu akufunike popote ulalapo.

Uliuliza pia siku hizi tuko wangapi nyumbani, baada ya Chelangat kujifungua. Nilikuwa nimeshika kalamu nikuandikie, Baba akanizuia mkono. Aliyatazama yale maharagwe, bado yako mezani, kisha akasema, "Mwandikie tumejipanga wote, na amebaki mmoja."

Ni mimi dada yako, mwenye kukupenda na kukukumbuka,
Chepkorir